Uzito wa Abiria

Mtu wa umri wangu, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu na ambaye wajukuu wake wameanza skuli, akikutwa saa nane za usiku amekaa mbele ya kompyuta huku ameshika usukani wa plastiki, watu wa nyumbani wana haki ya kumhofia. Mke wangu alinihofia kwa muda wa mwezi mzima, kisha akazoea. Siku hizi akipita sebuleni kwenda kunywa maji huniuliza tu, "Umefika wapi?" Nami humjibu kwa ukweli wa safari yangu: "Naiacha Mnemba mkono wa kushoto," au, "Bado niko Kisauni, injini haijapata moto." Basi huenda zake kulala, nami huendelea na safari ya Pemba.

Chombo ninachokizungumzia hakijapata jina lililotulia katika lugha yetu. Nimewahi kusikia kikiitwa mchezo wa ndege, na jina hilo silikatai, ila linawapoteza watu, kwani mchezo una mshindi na mshinde, ilhali humu mtu hashindani na mwenziwe. Mimi nakiita mwigo wa urubani. Ni programu inayochora juu ya kioo cha kompyuta anga, ardhi, bahari na chumba cha rubani pamoja na vipimo vyake vyote, kisha ikaiacha ndege ifuate, kwa kadiri hesabu zinavyoruhusu, kanuni zile zile ambazo ndege za kweli huzifuata. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1929 Mmarekani aitwaye Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mivukuto ya vinanda akaundia kijindege kisichoondoka chini, kilichoyumba huku na huku kwa nguvu za hewa. Kwanza kilinunuliwa na wenye viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani halikukijali mpaka mwaka 1934, lilipopewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege na marubani wake wakaanza kufa katika mawingu na dhoruba; ndipo liliponunua vijindege sita kwa mpigo. Mwigo wa kompyuta ulikuja miaka mingi baadaye kwa mkono wa Bruce Artwick, na Microsoft ikaanza kuuuza mwaka 1982. Suala la mawingu nimelitaja mapema kwa sababu nitalirudia.

Nyumbani kwetu Kikwajuni mwigo huu uliletwa na kijana wa kaka yangu, mwaka 2008, alipokuja kutoka Chake Chake kusoma. Lilikuwa toleo la mwaka 2006. Ndani yake mlikuwamo ndege zilizokuja pamoja na programu, miongoni mwao Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo tangu mwaka 1956 zimeundwa zaidi ya 44,000, wala hakuna aina nyengine ya ndege iliyoundwa kwa wingi huo. Ndege ile ya bure ilikuwa na upole wa kupita kiasi. Ukibonyeza kitufe injini inawaka. Ukiisahau taa zake zikiwaka usiku kucha, asubuhi betri imejaa. Ukiitua kwa kishindo cha kumvunja mtu mgongo, inasimama na kukungoja. Na ukiizamisha baharini, kioo huwa cheusi kwa pumzi moja tu, mara unajikuta upo tena mwanzo wa njia ya kurukia, matangi yamejaa, hakuna aliyekufa. Kijana aliipenda kwa hilo. Mimi niliirusha mara mbili tatu kwa kumridhisha, nikaachana nayo. Nilikuwa na sababu ya kutozipenda ndege ndogo, na sababu hiyo aliijua, maana ilimhusu na yeye.

Mwezi wa Aprili 2003, masika yakiwa yamepamba moto, kaka yangu alinipigia simu kutoka Pemba baada ya sala ya adhuhuri. "Hali ya mzee si nzuri," alisema. "Njoo leo." Tulikubaliana kwamba nitalala huko, na asubuhi nitamchukua baba nije naye Unguja kutibiwa. Nilipata nafasi katika ndege ya saa kumi na nusu jioni, ndege ya injini moja na viti sita, kimoja cha rubani. Abiria tulikuwa watano: mimi, mama mmoja wa makamo na mtoto wake wa kike wa miaka sita au saba, mzee mmoja mfanyabiashara, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, naye amekumbatia pakacha lililoshonwa mdomo, na kijana mtumishi wa serikali aliyekuwa na bahasha kubwa asiyotaka ilowe.

Mvua ilikuwa ikija kwa vipindi. Rubani, kijana wa miaka thelathini hivi, alitoka nje mara tatu akasimama akitazama upande wa kaskazini mashariki, ambako mbingu ilikuwa na rangi ya chungu kilichopikiwa siku nyingi. Saa kumi na moja na robo alikuja tulipokaa akasema hatuondoki. Nikamwambia kwamba baba yangu anakufa. Alinyamaza. Nikasema tena, safari hii kwa sauti iliyowafanya watu wageuke, kwamba nimewahi kusafiri kwenda Pemba katika mvua kubwa kuliko ile. Akasema, "Mzee wangu, naomba radhi. Nikiona pa kupita nitakuiteni. Sasa sioni." Nikamwita mwoga. Nilitumia na neno jengine ambalo sitaliandika hapa. Yule mama alimziba mtoto wake masikio kwa viganja.

Baba alifariki saa tano za usiku. Maiti, kwa desturi yetu, hacheleweshwi. Asubuhi ndege iliondoka saa tatu na nusu badala ya saa moja, kwa mvua ile ile, nami nikafika kijijini wakati watu wanarudi kutoka makaburini, udongo umewaganda miguuni. Kaka alinishika mkono. "Tulikungoja mpaka saa nne," alisema, wala hakuongeza neno.

Ghadhabu ile niliikalia miaka. Nilimsimulia kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza, na katika masimulizi yangu mvua ilizidi kupungua kila mwaka, hata ikafika mahali nikasema yalikuwa manyunyu tu. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikazama meli ya Spice Islander I katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, wakafa mamia. Hakuna aliye katika visiwa hivi asiyekuwa na wa kumlilia. Katika siku zile za msiba, tumekaa tunakula bila ya hamu, kijana wa kaka yangu alisema, wala hakuwa akinisema mimi, "Lau kama mtu mmoja tu angekataa." Nilitazama sahani yangu. Tangu siku hiyo sikuisimulia tena habari ya rubani, lakini kuacha kusimulia si kusamehe.

Mwaka 2015 ndipo ilipoingia ndege ya nyongeza. Sina budi nieleze kidogo. Mwigo wenyewe huuzwa na ndege zake, ila tangu zamani umeachwa wazi kiasi cha kuwawezesha watu wa nje kuunda ndege zao na kuzitia ndani. Wako wanaozitoa bure kwa mapenzi tu, na wako waliofanya riziki. Kampuni ya Carenado ya Chile imejijengea jina kwa ndege ndogo zilizochorwa kwa uangalifu mkubwa, hata ukaona mikwaruzo ya rangi pale ambapo mkono wa rubani hushika kila siku. Microsoft ilipoifunga karakana iliyokuwa ikiunda mwigo wake, mwaka 2009, watu wa nyongeza ndio walioendelea kuupa uhai, mpaka toleo jipya lilipokuja mwaka 2020 na dunia iliyochorwa kutokana na picha za satelaiti. Ndege iliyoingia kwetu ilitoka kwa kampuni ya A2A Simulations, ambayo njia yake ni nyengine: huunda ndege inayochakaa. Ilikuwa Piper Cherokee 180, mwigo wa ndege iliyokuwa ikiundwa Vero Beach, Florida, katika miaka ya 1960. Ililipiwa na ndugu yetu wa Maskati aliyekuwa na kadi ya benki ya kununulia vitu vya mtandaoni, kwa fedha za gunia la mchele. Mke wangu aliikumbuka hesabu hiyo kwa muda mrefu.

Ndege hii ina viti vinne na mlango mmoja tu, nao uko juu ya bawa la kulia, kwa hiyo rubani huingia kabla ya atakayekaa ubavuni mwake, na hatoki mpaka yule atoke. Kabla ya kuwasha unaizunguka. Unachovya kijiti kuona mafuta ya injini yamefika wapi. Unatega kigilasi chini ya bawa na kumimina petroli kidogo, ukiitazame kama mna maji, kwani katika tangi lisilojaa unyevu wa hewa hugeuka matone, na maji ni mazito kuliko petroli, hujikusanya chini kama shanga. Ukiiacha injini ikinguruma uwanjani muda mrefu bila ya kuipunguzia mafuta, plagi zake hushika utando wa risasi, maana petroli ya ndege za namna hii aghalabu ingali ina madini hayo, na ukifika wakati wa kuruka injini hutetema kama mgonjwa wa homa. Matangi ni mawili, moja kila bawa, kila moja galoni 25, yaani karibu lita 95, na injini hainywi ila katika moja kwa wakati mmoja. Rubani ndiye anayekumbuka kuhamisha. Na yote hayo ndege inayakumbuka. Ukifunga kompyuta ukarudi baada ya wiki mbili, unaikuta vile vile ulivyoiacha, na mafuta yale yale, na kosa lile lile.

Usiku wa kwanza ilikataa kuwaka. Kijana alikuwa ameichezea mchana na kusahau kuzima swichi, betri ikawa imekufa. Alicheka kwa hasira. "Ami," aliniambia, "watu hununua vitu viwapunguzie taabu. Sisi tumenunua taabu." Mimi, ambaye miaka saba nzima nilikuwa nikiupita mwigo ule kama ninavyoipita televisheni, nilivuta kiti nikakaa. Sikuwa nimewahi kuona kitu cha kompyuta kinachosema hapana.

Nilijifunza kwa miezi. Sitaki kumchosha msomaji kwa habari za mwanafunzi wa miaka sitini, ila niseme kwamba umeme ulinifunza subira zaidi kuliko kitabu. Mara ngapi nimekuwa nikishuka vizuri kuelekea uwanjani, mji mzima ukazimika, na ndege yangu ikabaki hewani mahali fulani juu ya Chukwani, haijui iende wapi! Ilipofika masika ya mwaka 2016 niliweza kwenda Dar es Salaam na kurudi bila ya kuvunja kitu. Ndipo nilipofanya jambo ambalo nadhani nilikuwa nimelikusudia tangu usiku ule wa betri. Niliipanga hali ya hewa ya jioni ile ya Aprili 2003.

Niliipanga kwa kumbukumbu zangu, nikijitahidi kuirudisha mvua niliyokuwa nimeipunguza kwa miaka: mawingu futi 700 juu ya bahari, macho yasifike zaidi ya kilomita tatu, upepo wa kusi, na radi upande wa kaskazini mashariki. Kutoka Kisauni hadi uwanja wa Pemba ni kilomita 125 hivi, mwendo wa dakika thelathini na tano kwa ndege kama ile. Unaikata Unguja kwa mshazari, unaiacha pwani karibu na Pwani Mchangani, Mnemba iko kushoto, kisha hakuna kitu ila maji mpaka ncha ya kusini ya Pemba. Katika mwigo ule wa zamani visiwa vyetu vimechorwa ovyo, kingo zake zimekatwa kama kwa mkasi butu, na miti ya Pemba haifanani na mikarafuu hata kidogo. Haikunidhuru. Katika mvua ile hakukuwa na cha kuona.

Nilijipa safari kumi. Safari mbili za mwanzo nilifika. Ya kwanza niliiona njia ya kutulia ikiwa imebaki kilomita moja, nikatua kwa miguu inayotetemeka, na miguu yangu iko Kikwajuni juu ya zulia. Ya tatu injini ilizimika baada tu ya kuipita Mnemba. Sikuwa nimegusa kitu. Nilihangaika na kila mkono na kila swichi, ndege ikishuka huku mabawa yamenyooka vizuri kabisa, mpaka tukaingia baharini. Na ndipo nilipogundua kwamba tangi la kushoto nililiacha na lita chache tangu safari ya juzi, na la kulia limejaa. Nilikufa na mafuta tele, kwa kutogeuza kishikio kimoja kilicho karibu na goti langu la kushoto.

Ya nne nilifika. Ya tano niliingia katika wingu, nikaona halimaliziki, nikaamua kugeuka kurudi Unguja. Kugeuka ndani ya wingu ni jambo dogo kwa anayesoma habari yake. Nilitazama dira kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa; nilipoyarudisha macho kwenye upeo wa bandia, bawa la kulia lilikuwa limekwisha kuinama, kasi imepanda, na mwinuko unapungua. Nikauvuta usukani ili nipande. Hilo ndilo kosa lenyewe, kwa sababu ndege iliyolala ubavu ukiivuta haipandi, bali huzidi kukaza mzunguko wake, kama maji yanayoingia katika tundu. Nilitoka chini ya wingu nikiiona bahari imesimama wima mbele ya kioo.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kurusha ndege kwa kutegemea vipimo peke yake. Walipozibiwa wasione nje, wote ndege iliwatoka mikononi, kwa wastani wa sekunde 178. Sababu ni sikio. Ndani ya sikio mna majimaji yanayotwambia tumesimama au tumeinama, nayo hudanganyika kwa wepesi: mzunguko ukianza polepole hayausikii, na ukisimama husema umeanza. Mtu huapa kwamba amenyooka ilhali anazunguka. Jambo hili limenikalia sana, kwani sikio langu halikuwa katika wingu. Lilikuwa sebuleni, limetulia, linasikia jogoo wa jirani. Mwigo, hata uwe na nyongeza ya namna gani, haukuweza kunidanganya kwa njia ambayo yule kijana angedanganywa, na kwa hiyo kila safari niliyofika nilifika kwa msaada ambao yeye hakuwa nao.

Ya sita nilifika. Na hapo ndipo nilipokumbuka ukurasa wa upakiaji.

Ndege hii ina ukurasa ambao juu yake viti vinne vimechorwa kama vinavyoonekana kwa juu. Ukibonyeza kiti kitupu mtu huketi, nawe huandika uzito wake. Na nyuma pana mahali pa mizigo. Si pambo. Ndege nzima, na watu na mafuta na vikapu, haitakiwi kupita kilo 1,090 hivi, na uzito ukikaa nyuma mno pua huinuka na ndege huwa kaidi. Safari sita zote nilikuwa nimekwenda peke yangu. Sikuwa nimefikiria. Katika masimulizi yangu yote ya miaka ile, msomaji akumbuke, ndani ya ndege mlikuwa na watu wawili tu: mimi na mwoga.

Nikaanza kuwapakia. Mimi nilikuwa kiti cha rubani, vilibaki vitatu, na wenzangu wa siku ile walikuwa wanne. Nilimwacha yule kijana wa bahasha, wala sijui kwa nini yeye. Yule mama nilimwekea kilo 65 nikamketisha nyuma, na mtoto ubavuni mwake, kilo 20. Sikuwa na hakika na uzito wa mtoto, nikamwita mjukuu wangu wa kike nikampima kwenye mizani ya bafuni. Mzee mfanyabiashara kilo 70, mbele. Pakacha lake kilo 15, na hapo nilimpunja, maana msafiri wa Pemba mzigo wake haupimiki kwa kuutazama.

Ndege ikawa nzito kuinuka. Ilikula njia ndefu zaidi, ikapanda kwa kusitasita. Safari ya saba nilifika, na ya nane. Ya tisa nilikuwa nimeipita Mkoani, nikapunguza nguvu ili nishuke, na injini ikaanza kukohoa. Ilikuwa barafu. Hili nalo nililisadiki kwa shida: hewa inapopita katika koo jembamba la kabureta na petroli ikageuka mvuke, joto lake huanguka ghafla, pengine kwa digrii ishirini na zaidi, na unyevu uliomo hugandia humo humo. Ndege yaweza kusongwa na barafu juu ya bahari yetu, katika kisiwa ambacho watu wake hawajapata kuona barafu ila ya friji. Dawa yake ni kuvuta kishikio kinacholeta hewa ya moto. Nilikivuta. Injini ikazidi kukohoa, kwa sababu barafu ikiyeyuka maji yake hupita ndani ya injini, na asiyejua hudhani amekosea akakirudisha. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimesoma. Nikakirudisha. Tulianguka katika miti isiyokuwa mikarafuu, umbali wa dakika mbili kutoka uwanjani. Nashukuru programu ile haina sauti ya mtoto.

Niliikaa siku tatu bila ya kuwasha kompyuta, kisha nikaimaliza ya kumi, nikafika.

Nilipomwambia kijana, sikumficha nilichokuwa nikikifanya. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole. "Saba kati ya kumi," alisema. "Ami, lau ni gari la abiria, ungelipanda?" Lilikuwa swali la haki na jawabu lake linajulikana. Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo, kwani zile tatu haziniumi kama zinavyoniuma zile saba. Katika kila moja ya zile saba niliegesha ndege, nikazima injini, nikaitazama saa ya pale mbele. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, au kasoro dakika kumi. Baba alikuwa hai mpaka saa tano.

Nilijaribu kumtafuta yule rubani. Jina lake sikuwa nimeliuliza. Nilikuwa nimempa langu. Nilikwenda uwanjani, ambao sasa umebadilika hata huwezi kujua tulikaa wapi, nikaeleza kwa umri na sura. Mzee mmoja wa mizigo alidhani anamkumbuka, akasema alihamia kampuni nyengine bara, halafu akasema la, huyo alikuwa mwengine. Nikamshukuru nikarudi.

Kijana sasa ana nyumba yake na ana toleo jipya la mwigo. Ameniita nikatazame, na ni kweli kwamba humo unaweza kuziona paa za Chake Chake zilivyopigwa picha kutoka juu. Ni maajabu. Mimi nimebaki na kompyuta yangu ya zamani na Cherokee yangu, ambayo injini yake imekwisha kutumika saa nyingi na huvuja mafuta kidogo upande wa chini. Siku hizi siipangi mvua. Nakwenda Pemba wakati wa kaskazi, asubuhi, bahari imelala.

Mwezi uliopita nilifika mapema, nikaegesha, na ikanijia kwamba katika safari zangu zote za Pemba sikuwahi kurudi. Kila mara nilizima kompyuta pale pale. Ilhali mpango wa siku ile ulikuwa wa kwenda na kurudi: nilale, asubuhi nimchukue mzee. Nikafungua ukurasa wa upakiaji, nikabonyeza kiti cha mbele, karibu na mlango, ili asipate taabu ya kuingia. Mtu akaketi. Programu ikangoja nambari.

Sikuijua. Alikuwa mtu mrefu, nilimkumbuka akipanda mkarafuu na mimi chini nimeshika kikapu, lakini huyo alikuwa wa miaka arubaini. Niliiacha ndege imewashwa, nikampigia simu kaka yangu, ambaye ndiye aliyemuosha. Nilimuuliza mzee alikuwa na kilo ngapi mwishoni. Kaka amezoea maswali yangu. Alinyamaza kidogo.

"Hatukumpima," alisema. "Tulimbeba tu. Alikuwa mwepesi."

Nikaandika 45.